Saa ya Marwa Juu ya Jalada

Tangu siku mliyoniaga, mkanipa zawadi ya kiti kana kwamba maishani mwangu niliwahi kupungukiwa na kukaa, vijana wa karakana hamjaniacha nipumzike. "Mzee Nyamhanga, tuandikie ya kazini." Haya, nimekubali, na sababu ni moja tu: kuandika ni kazi ya kufanyia nyumbani. Mke wangu husema mimi ni kama jiwe la kusagia, uliponiweka ndipo utakaponikuta. Hilo nimelipokea kama sifa.

Sitaandika nani alipanda cheo wala nani alilipwa ngapi. Vyeo vya karakana yetu vilikuwa viwili, mwenye ufunguo na asiye na ufunguo, na mshahara mnaujua. Nitaandika nilivyoingia, aliyenifundisha, vyuma tulivyovitumia, na kosa moja nililolifanya kwa mikono yangu hii nikiwa na hakika kabisa kwamba natenda jema. Hilo kosa ndilo ninalotaka mlisome. Mengine ni ngozi ya jalada tu.

Miaka ile dhahabu ilipofumuka upande wa Tarime, hapa Nyansurura vijana waliisha. Ukienda kisimani asubuhi ulikutana na wazee na mbuzi. Wote walikwenda na nyundo, kamba na imani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo baba yangu aliyasoma mara mbili, mara ya pili akiwa amegeuza karatasi chini juu aone kama yatapendeza zaidi. Basi nami nikaenda. Nilifika machimboni saa tatu asubuhi, nikasimama kwenye mdomo wa duara, ndivyo wanavyoyaita yale mashimo ya kuchimbia, nikachungulia. Giza lile lilinikumbusha ghafla kwamba nimewaacha kuku wetu hawana maji. Saa tano nilikuwa njiani kurudi.

"Mura!" mmoja alinipigia kelele kwa neno letu la kumwita kijana, wenzake wakicheka mpaka wanashikana mabega. "Usihofu, dhahabu itakufuata huko huko jikoni kwa mama yako!"

Kweli ilinifuata. Ila ilipofika ilikuwa imegeuka shaba.

Mama Wankuru alikuwa mwalimu wa ufundi aliyestaafu kabla ya umri wake kwa sababu ya miguu. Alikuwa na cherehani moja, stoo ya mahindi iliyokosa mahindi, na ulimi ambao ungeweza kukata kadibodi. Alishona madaftari ya mkono kwa ngozi ya mbuzi, akayapeleka kuuzwa kwenye kambi za watalii karibu na Robanda, kule pembeni mwa hifadhi. Siku moja mgeni mmoja wa kambi akamchorea picha. Ilikuwa ya daftari lenye magurudumu ya meno juu ya jalada, mabomba madogo, vioo vya saa, funguo za kale. Akamweleza kwamba kwao kuna watu wanaopenda kujifanya kama dunia ya injini za mvuke haikuisha. Wanavaa hivyo, wanapamba nyumba hivyo, wanaandika mambo yao katika madaftari kama hayo. Mtindo wenyewe huitwa stimupanki. Mama Wankuru aliitazama ile picha kwa muda, akasema, "Wenzetu wanaota dunia ya mashine mbovu. Sisi tunaishi ndani yake. Tutashindwaje?"

Na mashine mbovu hazikuwa mbali. Machimboni zilikufa kila wiki: pampu za maji, karasha za kusagia mawe, jenereta, mizani, redio, saa za ukutani. Mwanamke mmoja wa Itiryo, Ghati, aliyekuwa akiwapikia wachimbaji, alizoea kuokota vyuma hivyo na kutuletea kila mwezi katika mfuko wa saruji. Alikuwa na jicho. Wengine walituletea chuma chochote kizito, Ghati alileta gia ndogo za shaba, geji yenye mshale wake mwekundu, springi ya saa iliyojikunja kama mkia wa kinyonga. Tulimpenda, ingawa Mama Wankuru alimpokea kila mara kwa maneno yale yale: "Umetuletea takataka gani leo?"

Siku yangu ya kwanza kazini kwake nilikwenda nimechomekea shati. Mama Wankuru alinitazama kuanzia viatu.

"Wewe ndiye uliyekimbia duara?"

"Sikukimbia, Mama. Niliondoka."

"Kwa mwendo gani?"

Akanipa sindano, uzi na donge la nta ya nyuki. "Paka uzi nta. Shona karatasi. Ukimaliza, fumua. Halafu shona tena."

Nilidhani ananitania. Wiki nzima nilishona na kufumua. Siku ya Ijumaa alichukua daftari langu, akalifungua katikati, akaliweka mezani. Likajifunga lenyewe kama mdomo wa mtu aliyenuna. "Unaona? Daftari lisilolala wazi ni sanduku. Mtu ataliandikaje? Kwa meno?" Ndipo nilipoelewa kwamba mapambo yote yale yanasimama juu ya mgongo wa daftari, na mgongo ukishonwa vibaya hakuna gia itakayouokoa. Hilo sikulisahau, na nyinyi mkilisahau nitajua, kwa maana bado napita hapo Jumamosi kuwachungulia.

Baada ya miezi kadhaa aliniruhusu kugusa vyuma. Hapo nilijifunza mambo ambayo shuleni hayakuwepo. Gundi haishiki shaba. Inajifanya imeshika, daftari likifika Robanda gia inabaki kwenye gari. Chuma hushonwa. Unatoboa tundu nne kwenye ngozi kwa msumari uliochongwa, unapitisha waya wa shaba uliofumuliwa kutoka mota iliyoungua, unausokota kwa ndani, halafu unabandika karatasi nene kuficha fundo. Karatasi nyeupe huzeeshwa kwa chai ya rangi, majani mengi, sukari hakuna. Niliwahi kuiweka sukari kwa mazoea, tukafuga sisimizi mwezi mzima.

Shaba mpya nayo huzeeshwa kwa mkojo wa ng'ombe. Najua mnapenda kuwaficha wageni jambo hili. Unamimina mkojo chini ya debe, unaning'iniza shaba juu yake isiguse, unafunika, unaiacha siku mbili. Inatoka imekuwa ya kahawia na kijani, imezeeka miaka hamsini. Mgeni mmoja wa kambi alilinusa daftari letu, akafumba macho, akasema ananusa historia. Mama Wankuru akamjibu kwamba hajakosea.

Kulikuwa pia na desturi ya mishale. Saa ya mkono iliyokufa, tukiiweka nzima juu ya jalada, ni lazima mishale yake ielekezwe saa nne na dakika kumi. Mama Wankuru aliona hivyo kwenye matangazo ya maduka ya saa, akatafakari, akakubali. "Mishale ikiwa juu hivi, saa inakuwa kama mtu anayekukaribisha kwa mikono miwili. Ikilala chini ni mtu mwenye msiba. Nani atanunua msiba?" Basi kila saa iliyopita mikononi mwangu ilikaribisha watu. Nilifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyovua kofia akiingia kanisani.

Sasa mnalalamika kwamba sheria yangu inawachelewesha, ile ya kuandika kwenye karatasi saa yoyote ilipoletwa ilikuwa imesimama saa ngapi, kabla hamjaigusa hata kwa kitambaa. Hii ndiyo asili yake.

Ghati alikuwa na mume, Marwa, mchimbaji. Kwenye duara lao Marwa ndiye aliyeshuka chini; mdogo wake, Chacha, alibaki juu akishika kamba. Jumatano moja mchana duara lilianguka, maji yakaingia. Mwenye duara aliandika maelezo polisi, na ndani yake saa ikaandikwa: saa nane na dakika ishirini. Watu wawili walitolewa wamekufa. Marwa hakuonekana.

Chacha alisema Marwa hakuwemo. Alisema kaka yake alipanda juu asubuhi, amefunga jiwe lenye dhahabu kwenye shati, akasema anavuka mpaka Sirari kwenda kwa ndugu zetu wa Kenya, asiulizwe. Ndugu wa Kenya walipoulizwa, walisema hawajamwona. Chacha akasema mtu mwenye dhahabu hajionyeshi kwa ndugu.

Fikirini Ghati aliwekwa wapi. Matanga hayakukaliwa, kwa sababu huwezi kumlilia mtu anayekula nyama Migori, ng'ambo ya mpaka. Kanisani, katekista alipofika kwenye majina ya kuombewa hakujua amtaje Marwa kati ya wasafiri au kati ya marehemu, akaishia kumruka. Wanawake kisimani walimuuliza Ghati kama mumewe ameshamtumia salamu, wakatazamana. Mwaka ukapita hivyo. Yeye aliendelea kupika na kutuletea gia, na hakuna siku niliyomsikia akilalamika.

Halafu watu wengine walilifungua lile duara kwa pampu kubwa. Waliponyonya maji walikuta kwenye tope saa ya mkono, ya kutia ufunguo, yenye mkanda ulioshonwa kwa waya. Ndani zaidi mwamba ulikuwa unalia kama unaotaka kuporomoka, wakaogopa, wakalifunga shimo kabisa. Aliyeokota ile saa hakutazama mishale; alitazama kama ni ya dhahabu, akaona siyo, akampa Ghati. Ghati ndiye aliyetazama. Ilikuwa imesimama saa nane na dakika ishirini.

Aliwaambia wakwe zake. Chacha akasema, "Saa yake ilimdondoka akipanda. Niliiona ikimdondoka, saa nne, saa tano hivi, ikaanguka majini chini. Kama imesimama, imesimama asubuhi." Wazee wa ukoo wakasema jambo ni jepesi basi: saa iletwe mbele ya watu, Jumamosi. Ikisema asubuhi, Chacha ni mkweli. Ikisema saa nane, Marwa alikuwa shimoni.

Ghati aliogopa. Saa ndogo, mikono mingi, kila mtu anataka kuishika, mmoja anavuta kitufe na habari imekwisha. Ndipo akaileta kwetu. Alitaka ifungwe juu ya jalada la daftari, chini ya kioo, kwa pete ya shaba yenye skrubu, ionwe na wote isiguswe na yeyote. Na ndani ya daftari, akasema, yataandikwa majina ya watoto wake na ya baba yao.

Hayo yote alimweleza Mama Wankuru ndani ya stoo. Mimi nilikuwa nje na debe langu la mkojo, nikijisifu kwamba nimeshazoea harufu. Mama Wankuru alitoka, akanipa saa imefungwa kwenye kitambaa. "Hii ya Ghati. Iwekwe nzima, kwa pete. Usiifungue matumbo." Akaenda kulala kidogo kwa ajili ya miguu yake.

Niliifanya ile kazi kwa mapenzi. Ngozi nilichagua ya beberu mweusi. Pete niliikata kutoka kwenye geji ya pampu, nikaizungushia gia ndogo saba, kila moja ikiuma nyingine, ingawa hazizunguki. Pembe za jalada nikazivika shaba. Saa yenyewe niliipangusa tope, nikaitia mafuta kwenye kitufe kilichoganda, nikabadilisha kioo kilichopasuka. Uso wake ulikuwa na madoadoa, nikaweka limau kando niusugue, halafu nikaona uvivu. Na kwa kuwa Ghati ni mtu wetu, nilitaka saa yake imkaribishe vizuri. Nikavuta kitufe, nikainyanyua mishale mpaka saa nne na dakika kumi. Nikafunga skrubu, nikazikaza kwelikweli.

Ghati alikuja Alhamisi. Nilimpa daftari kwa mikono miwili, nikasimama nikingoja kusifiwa. Alipitisha kidole kwenye gia, akatabasamu. Kidole kikafika kwenye kioo. Kikasimama.

"Nani amegusa mishale?"

"Mimi, dada. Nimeipendezesha."

"Umeipendezesha," akarudia, kama mtu anayejifunza neno geni.

Mama Wankuru akainuka kitini, akaangalia. Kisha aliniambia habari nzima, kwa sentensi fupi, na kila sentensi ilinipunguza kimo.

"Si kitu!" nilisema kwa haraka. "Ni dakika moja. Nafungua, narudisha saa nane na ishirini, nafunga. Nani atajua?"

Ghati hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Unafikiri mimi sina vidole? Tangu nipewe saa hii ningeweza kuigeuza nitakavyo. Nilitaka itoke kwenye tope iende mbele ya wazee bila mkono wa mtu. Sasa ina mkono wako." Akalifunga daftari kwenye khanga yake, akabadili mawazo, akalirudisha mezani mbele yangu. "Basi mkono wako ndio utakaoileta Itiryo. Jumamosi. Uje useme mwenyewe."

Alipoondoka nilimtazama Mama Wankuru. "Itiryo ni mbali, Mama."

"Najua."

"Na nina kuku."

"Nyamhanga, kuku nitawapa maji mimi. Na wakifa, nitawalia mimi."

Sitawachosha na safari. Lori la mahindi, kisha gari jingine, kisha miguu kwenye matope, nikiwa nimelibeba daftari kifuani kama mtoto mwenye homa. Njiani bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Nawaambieni ukweli, mara mbili niliitoa. Kilichonizuia si utu wema. Ni kwamba Ghati angejua, na mimi ningelazimika kuendelea kumpokea kila mwisho wa mwezi.

Nyumbani kwa wakwe zake watu walikuwa wameshakaa uani, wazee kwenye viti, wanawake upande wa jiko. Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja mpaka koo likakauka. Chacha alikuwa amesimama, kijana mrefu mwembamba, macho mekundu kama ya mtu aliyechoka siku nyingi. Mama yao, Bibi Robi, alikaa kwenye ngozi ya ng'ombe karibu na mlango, miguu ameinyoosha.

Daftari likapita mkononi mwa mzee wa kwanza. Akalisogeza mbali, akalisogeza karibu. "Inasema saa nne na dakika kumi."

Mnong'ono ukapita uani. Chacha akavuta pumzi ndefu. "Nilisema nini? Asubuhi. Niliwaambia asubuhi!"

Ghati alinitazama.

Nikasimama. "Wazee wangu, saa haisemi hivyo. Nimesema mimi. Mimi ndiye fundi. Niliisogeza mishale."

"Kwa nini?" mzee akauliza.

Nikaeleza desturi yetu ya karakana, ya saa kukaribisha watu. Nilipokuwa nikieleza nilisikia mwenyewe jinsi inavyosikika. Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. "Yaani umetoka Nyansurura kuja kutuambia wewe ni mjinga?"

"Ndiyo, mzee."

"Sawa. Angalau nauli yako haikupotea." Wakacheka wengi. Lakini yule mzee wa kwanza hakucheka. "Sikiliza, mura. Kabla hujaisogeza ilikuwa saa ngapi?"

Hapo ndipo nilipofika chini ya duara langu. Nilikuwa nimekaa na saa ile mchana mzima. Nilijua idadi ya meno ya gia zilizoizunguka. Nilijua skrubu ipi imekaza na ipi ina ubishi. "Sikutazama," nikasema.

"Hukutazama saa?"

"Niliitazama, mzee. Sikutazama inasema nini."

Hakuna aliyecheka tena. Chacha akasema polepole kwamba basi habari ya saa imekwisha, maana Ghati ni mwenye shauri, neno la saa ni la fundi, na neno la fundi halipo. Limebaki neno lake yeye aliyeshika kamba. Wazee wakatazamana, na niliona wanaelekea kukubali. Ghati aliinamisha kichwa. Ndipo Bibi Robi akanyoosha mkono.

"Leteni hapa hilo dude."

Alilipakata. Alilisogeza mpaka kioo kikakaribia kugusa pua yake, akaligeuzageuza likutane na jua. Alikaa hivyo kwa muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia.

"Tata," aliniita, yaani baba, kama bibi amwitavyo mjukuu, "huu uchafu ni wa nini?"

"Ni madoa tu, Bibi. Tope la shimoni. Nilitaka kulisugua kwa limau."

"Mengine ni madoa. Haya mawili siyo. Uchafu gani unanyooka hivi?"

Nikachuchumaa kando yake. Uani palikuwa na jua la saa tano, si kama stoo yetu ya giza. Katikati ya uso wa saa, kati ya madoa ya kila namna, palitoka mistari miwili myembamba ya kahawia. Mmoja mfupi, umepita kidogo namba mbili. Mmoja mrefu, umeelekea namba nne. Mishale ya saa ile ilikuwa ya chuma. Ilikaa kwenye maji mwaka mzima bila kusogea, ikatoa kutu, na kutu ikajichora pale ilipolala.

Niliwaeleza hivyo. Nikaomba ruhusa, nikafungua skrubu, nikainua pete na kioo. Wazee walisogeza viti. Nikavuta kitufe na kuanza kuizungusha mishale mbele taratibu, na mtu akaanza kuhesabu kwa sauti, wengine wakamfuata. Saa tano. Nilisimama hapo makusudi, nikaweka daftari chini ya macho ya Chacha. Mistari miwili ya kutu ilibaki wazi kama ilivyokuwa, haina mtu. Nikaendelea. Saa sita. Saa saba. Saa nane, sauti zikaanza kupungua. Nikasogeza dakika kwa ncha ya ukucha, na mshale mfupi ukalala juu ya mstari mfupi, mrefu juu ya mrefu, mpaka kwenye ncha, na kutu haikuonekana tena.

Hakuna aliyeitamka saa ile.

Chacha alikuwa amechuchumaa. Nilidhani atabisha, maana alikuwa hodari wa kubisha. Alimtazama mama yake tu.

"Nilikuwa nimekwenda kunywa uji," alisema. "Njaa ilikuwa imenishika. Nikaifunga kamba kwenye mti, nikasema narudi sasa hivi. Nikiwa na kikombe mkononi nikasikia." Akafumbua viganja vyake, akavitazama. "Nilisema alipanda. Nilisema mara ya kwanza, ikawa lazima niseme na ya pili. Halafu nikaanza kumwona kweli, Mama, kule Migori, amenenepa. Kama yuko Migori, basi sikumwacha."

Mwanamke mmoja upande wa jiko akaanza kulia kwa sauti, yule wa kwanza kabisa kumlilia Marwa tangu afe, na wengine wakampokea. Ghati hakulia nao. Alikuja akachukua daftari mapajani mwa Bibi Robi, akaniuliza kwa upole, "Utalifunga?" Nikalifunga skrubu moja moja, mishale ikiwa pale ilipolala. Skrubu hazikuharibika, na hilo ni jambo pekee la siku ile ninaloweza kujivunia kama fundi.

Akalifungua ukurasa wa kwanza. Karatasi yetu ya chai, nene, haina mstari. Alikuwa ameshaandika majina ya watoto kwa penseli upande wa chini, na juu yao akaacha nafasi. Alimpelekea Chacha, akampa kalamu.

"Andika jina la kaka yako," alisema. "Anza na lile neno."

Chacha aliweka daftari gotini. Likalala wazi. Akaandika Marehemu kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu kwa nguvu zake zote, na alipofika mwisho wa jina la Marwa wino ulikuwa umepenya mpaka ukurasa wa tatu.